Profesa na Mshona Magodoro

Shati lake alilipiga pasi mwenyewe, barazani, kabla jua halijawa kali. Pasi ilikuwa ya makaa, na aliipuliza taratibu kama mtu anayempozea mtoto uji. Hata asubuhi ambazo milio ya bunduki ilitoka vilimani na sisi wengine tukawa tumeshalala chini sakafuni, yeye alimaliza kola kwanza, kisha ndipo akaingia ndani. Siku moja nilimuuliza kwa nini asiache tu.

"Binti," akaniambia, "mutu akinikuta nimekufa, anikute nimenyooka."

Nilitaka kucheka, lakini uso wake haukuwa wa mzaha.

Sote tulimwita Profesa. Bujumbura ukifundisha sekondari, jina ni hilo, utake usitake. Yeye alifundisha falsafa na saikolojia katika shule moja ya kuandaa walimu, na nyumba yake ilikuwa Ngagara, zile nyumba za zamani za karteye, yaani mitaa, zenye namba. Mimi nilipanga chumba cha uani kwake karibu miaka yote ya vita vya makabila. Nilikuwa nauza dawa katika duka moja mjini. Nyumbani kwetu ni Buyenzi, kwa Waislamu wa mjini, na sisi tulionekana kama watu wasio wa upande huu wala ule, kwa hiyo niliweza kulala Ngagara wakati ambapo wengine waliofukuzwa pale hawakuthubutu hata kupita.

Alikula akiwa amesimama, sahani mkononi, akitazama ukuta wa jirani. Redio hakuipenda. Mlango wake haukuwahi kufungwa kwa ufunguo, na katika mji ule, miaka ile, jambo hilo lilinitia hofu kuliko risasi. Nilipomwambia, alisema, "Walionichukulia kitu walikuja mchana, na hawakupita mlangoni."

Alikuwa mwoga wa damu. Siku ya Idi nilipochinja kuku, aliondoka kimya, akazunguka karteye nzima, akarudi harufu ya mchuzi ilipoanza kutoka. "Imekwisha?" aliuliza akiwa nje ya geti. Kisha aliomba paja. Wanafunzi wake walisema darasani alikuwa na desturi ya kukataa swali la kwanza. "Hilo ni la mdomo," aliwaambia. "Keti, ulete la pili. La pili ndilo lako." Wengine walikaa wiki nzima wakilitafuta la pili.

Hicho alichochukuliwa mchana kilikuwa mke wake.

Karteye nzima ilimwita Madamu. Alikuwa muuguzi wa watoto, mwembamba, mwenye sauti ya juu iliyosikika mpaka barabarani akiita mtu aje kula. Ilikuwa mojawapo ya zile siku ambazo vijana walifunga mji mzima, maduka yamefungwa, mawe na matairi yamepangwa njia panda. Yeye alikuwa anarudi kazini kwa miguu. Vijana wa karteye wakamsimamisha wakamuuliza anatoka kilima gani, ili wajue ni wa upande gani. Kwa vile hakujua kusema uongo, aliwatajia. Hakuwa wa upande wao. Mume wake alikuwa wa upande wao, lakini siku ile hilo halikumsaidia.

Tulimkuta mtaroni alasiri. Profesa, mimi, na mama wawili wa parokia tulimbeba kwa shuka. Alikuwa peku. Viatu vyake vya kazi mtu alikuwa ameshavichukua, na mpaka leo hatujui ni nani aliyevivaa.

Vijana waliokuwa pale njia panda tuliwajua. Mmoja wao alikaa nyumba tatu kutoka kwetu, na aliwahi kukaa darasani mwa Profesa. Baadaye alifungua butiki kwenye kona, akauza mkate, sabuni na betri. Hakuna aliyemshitaki. Ungemshitaki kwa nani? Profesa alimaliza matanga, akarudi kazini, na kila asubuhi alikwenda kwenye ile butiki kununua mkate.

"Amahoro, Profesa," yule kijana alimsalimu, kwa neno letu la amani.

"Amahoro."

Nilivumilia miezi mingi. Halafu nikamwambia kuna mkate mzuri zaidi kwa Mwarabu, karibu na kituo cha basi. Alikuwa anavunja kipande cha ule mkate wa kona, akakitazama kabla hajakila.

"Nataka anione kila siku," akasema.

Basi, katikati ya miaka hiyo ndipo Bujumbura ilipompata muuaji wake.

Nasema muuaji wake, kwa sababu mji ulimpokea kama kitu ulichokuwa umekikosa. Alikuwa mshona magodoro wa Kanyosha, kule kusini. Alikwenda nyumba hadi nyumba, akafumua godoro lililolegea, akaanika sufi juani, akachambua, akajaza upya na kushona. Kazi hiyo ni ya kutwa nzima, tena hufanyika uani, mama mwenye nyumba akiwa peke yake. Wanawake walikuwa wanakutwa wamekufa, leo huyu, baada ya miezi yule. Lakini kila asubuhi palikuwa na maiti mahali fulani mjini. Nani angechambua huyu ameuawa na vita na huyu ameuawa na mtu?

Alikamatwa kwa sababu mama mmoja alimng'ata mkono, akakimbia kupita migombani akipiga kelele, na majirani wakatoka wakidhani ni mwizi. Alipokwisha kufungwa ndipo polisi wakaanza kukumbuka. Wanawake wale wote walikutwa wamelazwa wamenyooka, wamefunikwa kitenge vizuri, viatu vyao vimewekwa pembeni, kimoja kando ya kingine. Watu walikuwa wameviona, wakavipita.

"Vita havipangi viatu," Profesa alisema niliposimulia niliyoyasikia dukani. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akiketi bila kitabu mkononi.

Mji ukaingia wazimu. Watu waliokuwa wamenyamazia mengi kwa miaka sasa hawakuweza kunyamaza kwa dakika. Kuna waliochoma magodoro yao barabarani. Kuna waliokataa kuyachoma, wakawaonyesha wageni, "Hili alilishona yeye, tazama uzi wake." Baa moja ya Nyakabiga ilitundika godoro ukutani, na watu wakatoka mbali kuja kunywa chini yake. Watoto walicheza mchezo wa mshona magodoro, na kila mmoja alitaka kuwa yeye. Dukani kwangu wateja waliomba dawa ya usingizi, kisha wakabaki wakiegemea kaunta: nimesikia alikuwa anaimba, nimesikia ana jicho moja la paka, nimesikia mama yake alikuwa mchawi. Wiki hiyohiyo kijiji kizima kilichomwa juu milimani. Hakuna mteja aliyeniuliza jina la kijiji.

Madaktari wa magonjwa ya akili walikuwa wamekimbia nchi. Hakimu aliyepewa faili ile alikuwa mwanafunzi wa zamani wa Profesa, akamwomba aende akazungumze na yule mtu, amwambie kama ana akili timamu. Ndivyo Alhamisi zilivyoanza. Kila Alhamisi Profesa alivaa shati lake, akachukua sukari kidogo ndani ya karatasi, akaenda gerezani.

Yeye aliyekimbia kuku.

Watu walipojua, nyumba yetu ikawa kama kanisa. Mama ambao hawakukanyaga pale siku ya msiba wa Madamu walileta ndizi na samaki, wakakaa. Jumapili moja baada ya misa walimkuta uani, wakamzunguka, hata yule wa butiki alikuwepo, amesimama nyuma. Profesa aliwaruhusu waulize.

"Macho yake yako vipi?" mama mmoja akaanza.

"Ya kahawia." Profesa akageuka, akamwonyesha mume wake aliyekuwa karibu. "Kama ya huyu."

Watu wakaguna. "Anakula nini?"

"Maharage. Analalamika yana mawe."

"Analia?"

"Alilia mara moja. Jino lilikuwa linamuuma."

"Profesa, unatuficha," akasema mzee mmoja kwa hasira. "Mutu kama ule lazima ana alama. Mungu hawezi kumuacha hivi bila alama."

"Nimeitafuta hiyo alama," Profesa akajibu. "Ningefurahi sana kuiona."

Wakaondoka wamechukia, kana kwamba amewanyima chakula. Wiki iliyofuata wakarudi.

Mimi nilisimuliwa zaidi yao, jioni, nikiosha vyombo na yeye amesimama na sahani yake. Alisema yule mtu alikuwa na adabu, alimwuliza hali ya mgongo wake. Hakusema alipigwa utotoni, wala hakusema alisikia sauti. Alisema alipenda nyumba ikinyamaza.

"Anasema dakika ile ndipo anajisikia ni mutu," Profesa aliniambia. "Nikamuuliza, na kabla ya hapo? Akasema, kabla nilikuwa fundi. Wananiambia fundi, ingia, fundi, kunywa maji, fundi, toka. Hakuna aliyeniangalia mara mbili."

"Na sasa anaangaliwa na mji mzima."

"Ndiyo. Wiki jana ameomba kitana. Anataka kujua watu wanasema nini juu yake. Mwanzoni nilimwambia. Nimeacha."

Lakini yeye mwenyewe hakuacha kwenda. Hakimu alikwishapata alichotaka, kwamba yule mtu ana akili timamu, na Profesa bado akaenda. Niliona jinsi alivyokuwa mchangamfu Jumatano, na jinsi Ijumaa alivyokuwa kama mtu aliyeshukwa na homa. Nikamwambia wazi, kwa sababu nilimpenda kama baba: "Profesa, hii imekuwa kama pombe. Unatafuta nini kwa yule mtu?"

Aliweka sahani chini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Bujumbura yote hii," akasema, "ni mutu mumoja tu ninayeweza kumuuliza kwa nini uliua, na ananijibu. Wengine wananipa amahoro."



Halafu yakaja mambo ambayo hata yeye hakuyatazamia. Watu walianza kumpelekea yule mtu wafu wao. Mama aliyepotelewa na binti, kaka aliyepotelewa na dada, walikwenda kwa hakimu kuuliza, je, si huyu? Na mshona magodoro alipoulizwa, alikubali. Alikubali wa Kanyosha na wa Kinama. Alikubali mwanamke aliyekufa wakati yeye alikuwa kwao mkoani anaugua. Kila aliyekubaliwa, familia yake ilitoka pale na uso mwepesi. Hapakuwa tena na haja ya kumshuku jirani, wala shemeji, wala askari aliyesimama kwenye kizuizi cha barabara siku ile. Mtu mmoja alikuwa amebeba vifo vyote, tena alibeba kwa furaha.

Alhamisi moja Profesa alirudi mapema. Hakula. Asubuhi yake tukasikia kutoka kwa watu, si kutoka kwake: mshona magodoro amesema muuguzi wa Ngagara naye ni wake.

Sitasahau ile furaha. Majirani walijaa uani wakimkumbatia, wakilia kweli. "Sasa tumejua! Profesa, Mungu ni mukubwa, tumejua ni nani!" Mama mmoja aliyekuwa ameona yote kupitia dirisha lake, na mimi nilijua ameona, alipiga magoti akashukuru. Na mwenye butiki akaja amebeba kreti ya bia begani, akaitua mbele ya Profesa, akanyoosha mkono.

"Pole, Profesa," akasema. "Tuliteseka wote."

Profesa aliushika ule mkono. Lakini hakuigusa bia.

Alhamisi iliyofuata alikwenda gerezani mara ya mwisho, akanisimulia aliporudi. Alimwuliza yule mtu swali moja tu: mke wangu ulimwachaje? Yule akajibu bila kusita, kwa upole, kama anayempa mgeni zawadi. Alimlaza amenyooka, akamfunika, viatu vyake vyeupe vya kazi akavipanga kichwani pake.

"Ni picha nzuri," Profesa aliniambia. "Binti, ningependa sana iwe kweli."

"Iache basi," nikasema. Niliogopa. "Kila mtu ametulia. Nani anaumia ukiiacha?"



Siku ya kesi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Watu walikuwa wamevaa nguo za sikukuu. Mshona magodoro aliingizwa, mtu mfupi, nywele zimechanwa vizuri, na ukumbi mzima ukavuta pumzi kwa pamoja. Yeye akawatazama taratibu, safu kwa safu. Mahakama ilipofika kwa muuguzi wa Ngagara, Profesa akaomba kusema.

"Huyu hakumuua mke wangu."

Jaji akamkumbusha kwamba mshtakiwa amekiri mwenyewe.

"Amekiri kitu alichokisikia. Mke wangu nilimtoa mtaroni kwa mikono hii. Alikuwa peku, na hakufunikwa na kitu. Waliomuua leo asubuhi wamekunywa chai karteye kwetu, na mi sitakubali wamalize chai yao kwa mugongo wa huyu."

Kelele zilianza nyuma. Lakini zilizidiwa na sauti moja. Mshona magodoro alikuwa amesimama, mishipa ya shingo imemtoka, akipiga kizimba kwa ngumi zake zenye pingu. "Ni mi! Ni mi nilimuua! Profesa, kwa nini unaninyima? Ni mi!" Na watu, watu wetu wa Ngagara, tuliokula nao na kuzika nao, wakaanza kumpigia makofi. Walimpigia makofi muuaji ili aendelee kusema ni yeye.

Siku iliyofuata Profesa alikwenda kwenye butiki. Mikate ilikuwa imepangwa nyuma ya kijana, bado ya moto. "Umekwisha," kijana akamwambia, akitazama sabuni. Ndani ya wiki hiyo hakuna aliyetusalimu. Halafu, mchana, wakati mimi nimekwenda kazini na yeye shuleni, mtu alirusha guruneti uani. Ilibomoa ukuta wa chumba changu na kuua mbuzi wa jirani. Tulipokusanya vitu vyetu, majirani walitutazama kupitia mapazia, wakimsikitikia mbuzi.

Mimi nilirudi Buyenzi. Yeye alipata nyumba ndogo Kanyosha, mahali ambapo watu wengi waliogopa kupanga kwa sababu ya jina la yule mtu. Mshona magodoro alifia gerezani kwa kuhara, kifo cha kawaida cha pale, na mji haukukubali. Watu walisema ametoroka, ameonekana Uvira, ameonekana Kigoma. Mpaka sasa mtoto akikataa kulala, wako wanaomtajia jina lake. Jina lake kila mtu analijua.

Vita vilipokwisha na watu wakapiga kura, nilikwenda Kanyosha Jumapili moja kumpelekea Profesa dawa ya macho. Alikuwa amezeeka ghafla, amelima maharage mpaka ukutani mwa nyumba. Nilimkuta ameketi uani, na mbele yake, juu ya kigoda, ameketi mtu aliyeinama. Nilimtambua alipoinua kichwa. Alikuwa yule wa butiki. Alikuwa amekonda, na mvi zimemwanza kwenye umri ambao si wake.

"Karibu, Binti," Profesa akasema. "Huyu unamjua. Anakuja kila Jumapili tangu mwaka jana. Anakaa, halafu anaondoka. Hatujaongea bado."

Nilikaa kizingitini. Tulikaa hivyo, watu watatu, kuku wa jirani wakiparua kwenye maharage. Nilifikiri nimpe Profesa dawa nijiendee. Ndipo yule mtu akasema:

"Profesa. Ile siku... Madamu..."

"Apana," Profesa akamkatiza, bila ukali. "Usimuite Madamu. Anza na jina lake."

Yule mtu akafungua mdomo, akaufunga. Akanitazama mimi kama mwanafunzi anayeomba kunong'onezewa, kisha akatazama mikono yake. Alikuwa amekua nyumba tatu kutoka kwao, alikunywa maji ya kwao, alikuwa pale njia panda. Jina hakulijua.

Uso wa Profesa ukabadilika. Nilidhani atamfukuza. Badala yake alisogeza kiti chake mbele mpaka magoti yao yakakaribiana, akamwambia polepole, kama anavyoandikiwa mtu ubaoni:

"Godeliva."

"Godeliva," yule mtu akasema, akaanza kulia.

"Sasa endelea," akasema Profesa. "Mi niko hapa."

Nilitaka sana kusikia. Miaka yote ile, nami nilitaka kujua nani alianza, alisema nini, alilia vipi, viatu vilikwenda wapi. Niliweka dawa juu ya kizingiti, nikainuka, nikatoka, nikarudishia geti nyuma yangu ili hata watu wa barabarani wasisikie.